Dole la Kushoto

Habari ya kifo chake imenikuta Nachingwea
nikichambua korosho, zenye madoa huku, safi kule.
Asumini, mjukuu wangu, kaja na simu:
"Bibi, mzungu huyu kataja jina letu."
Nikamwambia soma, tena soma taratibu.

Leonadi Askwithi, mwigizaji, miaka themanini na sita.
Mwana wa injinia wa matrekta ya karanga,
karanga zile zilizokataa kuota
(ardhi yetu kiangazi hugeuka saruji;
majembe ya chuma yakavunjika, wakafungasha,
baadaye hata reli ikang'olewa
kama mtu anayefuta nyayo zake).

Kwao akapanda jukwaani.
Misimu mitatu alishika mkuki nyuma ya wengine,
mkuki na kimya.
Halafu mjumbe mwenye maneno manne.
Halafu usiku mmoja mkubwa wao kaugua koo,
yeye akavaa taji lililomzidi kichwa,
akalitia gazeti kwa ndani lisimfunike macho.
Tangu hapo ni mfalme: muuaji, kipofu, mwendawazimu,
akifa kila usiku saa nne kasorobo,
akiamka kwenda kutafuta chipsi.
Sinema nazo zikamwita. Jenerali. Daktari. Babu mwenye siri.
Akaoa mara tatu. Akapewa cheo, akapiga goti,
akainuka na jina refu zaidi.

Asumini anasoma, mkono wangu unachambua.

Waliwahi kumuuliza: nani alikufundisha?
Akajibu: Nachingwea, mwaka wa arobaini na tisa,
nyuma ya kambi ya vibarua, wali wakitoka jandoni.
Wamakonde wa Newala walimleta lipiko.
Kinyago kichwani, nguo zimemkaza mwili mzima,
njuga kiunoni, na umati ukasema huyu si mtu.
Lakini soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka
nikaona dole gumba lisilo na ukucha.
Nililijua. Lilikuwa la Nandonde, mpaka grisi wa reli,
lililopondwa na taruma mvua za Februari.
Nilijua ni yeye, na bado nikaogopa.
Maisha yangu yote nimeitafuta hofu ile
niwape watu ambao wameshaliona dole langu.

Korosho zikaniponyoka.

Nandonde ni baba.
Miaka yote hii hakuna aliyeniambia;
wanawake hatuambiwi. Lipiko hutoka makaburini, basi.
Baba kaondoka na siri yake mdomoni,
na leo mzungu, tena maiti,
kamvua baba yangu kinyago mbele ya mtoto.
Nilitafuta hasira. Ilikuwa inakuja.

Ndipo nikamkumbuka mama.
Wiki sita aliuosha mguu ule kwa maji ya chumvi,
akaufunga kwa pindo la shuka,
akilisemesha dole kama mtoto mgonjwa.
Na ile soksi: nani mwingine nyumbani alikuwa na sindano?

Lipiko alipogeuka upande wetu
mama ndiye aliyetangulia kupiga yowe.
Akanikwapua, akakimbia hadi katikati ya mihogo,
kanga ya juu ikaanguka, hakugeuka kuiokota.
Nilikuwa kifuani pake. Moyo wake ulidunda kwelikweli.
Hata leo siwezi kusema ulidunda kwa nini.

Asubuhi baba kaketi na ugali wake,
kanga gotini, kaikunja vizuri:
"Nimeiokota njiani. Ya nani hii?"
Mama akaitazama, akaigeuza, akasoma jina lake mwenyewe.
"Labda ya mwoga mmoja," akasema,
akamwongezea mboga.

Asumini kazima simu. Ananikodolea macho.
"Bibi, kumbe ni kweli? Lipiko alikuwa babu?"

Nimeinama, nimeokota korosho moja, nimeipuliza vumbi.
"Lipiko hutoka makaburini," nimemwambia.
"Nisogezee ungo."